Upande wa Mtandao

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kilikuwa chai. Ilikuwa ndani ya sufuria kubwa, juu ya jiko la mle botini, na haikuwa imekaa sawa. Upande wa kushoto ilikuwa imefika ukingoni, inataka kumwagika. Upande wa kulia ilikuwa imeshuka vidole viwili na kuacha majani yamegandia kwenye bati. Kimya akainama kulitazama jiko. Jiko lilikuwa sawa, limekazwa kwa skrubu sakafuni kama miaka yote. Akachungulia nje, kwenye sitaha ya abiria, ndipo akaelewa. Abiria wote walikuwa wamehamia kushoto.

Walikuwa wamebanana kwenye mabenchi ya upande huo, wengine wamepakatana, wengine wamesimama, simu zao wamezinyoosha mbele kama watu wanaoota moto. Kulia hakukuwa na mtu ila fundi viatu mmoja mzee, ambaye hakuwa na simu wala haja nayo. Huyo alikuwa amejilaza benchi zima, kofia usoni.

"Baba," Kimya alisema kwa sauti yake ya siku zote, sauti isiyovuka meza. "Boti imelala upande."

Baba yake, Nahodha, alikuwa hapo mbele tu, ameshika usukani, lakini hakusikia. Injini ilikuwa inanguruma, na hata isingenguruma asingesikia. Binti huyu hakupewa jina la Kimya bure. Mteja akimuuliza bei ya chai, alimwonyesha kwa vidole. Akitaniwa, aliingia jikoni na hakutoka tena mpaka boti ifunge gati.

Basi akafanya alichoweza. Akachukua kitambaa, akakikunja, akakisokomeza chini ya sufuria upande wa kushoto. Chai ikakaa sawa. Boti ikabaki vilevile.

*

Mtandao ulikuwa na siku tatu tu tangu uingie mle botini, na haukuingia kwa hiari. Ilikuwa imekuja boti mpya, ya vioo, yenye mwendo na viti vya kulala, na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba humo mtandao ni bure. Abiria wakaanza kuhama mmoja mmoja, kwa haya, kama watu wanaotoroka mkutano. Boti mbili zilipopishana katikati ya maji, waliohama walijifanya wanatazama simu zao ili wasimpungie Nahodha mkono. Na kusema kweli, walikuwa wanazitazama.

Waliobaki ni wafanyakazi wa hospitali ya ng'ambo, ambao hospitali iliwakodia nafasi asubuhi na jioni. Hao ndio waliokuwa wakiilisha nyumba ile, kama unaweza kuita nyumba vyumba viwili vilivyo chini ya sitaha. Halafu na hao nao wakaanza kununa. Mkuu wa usafiri wa hospitali, mtu wa tai na saa kubwa ambaye kila mmoja alimwita Bwana Ratiba, akaja gatini na kumwambia Nahodha mbele za watu:

"Mzee, sina ugomvi na wewe. Lakini watu wangu wana kazi za kufanya njiani. Weka mtandao. Ijumaa nitapanda mwenyewe, nina kikao na wakubwa zangu kwa simu. Kikienda vizuri, tunaendelea na wewe. Kikikatika, Jumatatu tunahamia kwenye vioo."

"Mtandao? Hicho ni kitu kidogo tu, mkubwa," Nahodha akasema, akicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Fedha ya kununulia kifaa ilitoka kwenye fedha ya rangi. Ubavu mmoja wa boti ulikuwa umeshapakwa rangi ya buluu. Wa pili ukabaki na kutu yake. Tangu hapo Nahodha akawa anafunga gati kwa ubavu wa buluu, hata siku ambazo upepo ulikataa katakata.

Kaka yake Kimya, fundi wa injini waliyemwita Gia, ndiye aliyekifunga kifaa. Akaweka antena juu ya mlingoti, akashusha waya mpaka chini, kisha akashika kile kiboksi cheupe chenye vitaa, akauliza:

"Hiki nikiweke wapi?"

"Swali gani hilo?" mama yake akasema. "Sandukuni."

Mama huyo, ambaye abiria walimwita Mama Tiketi, alikuwa na sanduku la chuma lililochomelewa sakafuni katikati ya sitaha, chini ya meza yake. Kila kitu cha thamani kilikaa humo: fedha, muhuri, cheti cha boti, hata meno ya bandia ya Nahodha siku za mawimbi. Ufunguo aliuvaa kiunoni, akalala nao, akaoga nao. Gia akatoboa tundu la kupitishia nyaya ubavuni mwa sanduku, upande wa kushoto, tundu la kupita kikombe. Akakikaza kifaa ndani kwa bolti, akakipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Kitu cha bei ile kilale nje?

Asubuhi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri mno. Pale gatini, wakati Mama Tiketi anakata tiketi na sanduku liko wazi, simu za watu zote ziliitika kwa mpigo. Wauguzi wakashangilia. Nahodha akapiga honi. Boti ikang'oa nanga, Mama Tiketi akafunga sanduku lake kama desturi yake, na mtandao ukafa. Ukabaki upande wa kushoto tu, na huko nako kwa kubembelezwa.

"Unaogopa maji," akasema Nahodha baada ya kufikiri. "Ni kitu cha nchi kavu. Kipeni muda, kichefuchefu kitakiisha."

*

Jioni hiyo ya boti kulala upande, familia ilikula chini, kwenye chumba cha wazazi, sahani zikiwa mapajani kwa kuwa meza ilikuwa na vipuri vya injini.

"Nimempigia yule aliyetuuzia," Gia alisema. "Anasema tuzime, halafu tuwashe."

"Tumeshazima na kuwasha mpaka swichi imelegea," mama akajibu.

"Ndiyo nikamwambia. Akasema basi tuzime tena, lakini mara hii tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Hilo hakusema. Simu yake ilikatika."

Nahodha hakucheka. Alikuwa anazungusha tonge kwenye sahani bila kulipeleka mdomoni. "Muuguzi Mkuu leo kaniambia boti yangu inatembea kiupandeupande kama kaa. Mbele ya watu. Nikamwambia ni mkondo wa maji. Akaniambia, Mzee, maji yametulia kama kitanda."

"Rudisheni watu kulia," mama akasema.

"Watarudi kufanya nini? Kulia hakuna mtandao."

Kisha Nahodha akaweka sahani chini, akasema lile ambalo wote walikuwa wanalizunguka. "Hospitali ikituhama, boti inauzwa. Mimi na mama yenu tutatafuta chumba. Gia ana mikono, hatakosa kazi. Na Kimya..."

"Kimya nimeshamsemea kwa shangazi yake," mama akadakia, kwa furaha ya mtu aliyepata angalau jambo moja la kutatua. "Anataka msichana wa duka. Chakula juu yake, kulala juu yake. Kazi yenyewe nyepesi, unasimama mlangoni unaita wapita njia: karibu mteja, vitambaa vipya hivi, karibu ndani uone!"

Gia akapaliwa na maji. "Kimya? Aite watu?"

"Atazoea."

"Mama, huyu akitaka chumvi anakutazama mpaka ukumbuke mwenyewe."

"Atazoea, nimesema!" Mama akamgeukia binti yake. "Si ndiyo, mwanangu?"

Kimya alikuwa anatazama sahani yake. Aliona mlango wa duka, na barabara, na watu wanapita wanageuza shingo, na yeye amefungua mdomo hakitoki kitu. Alizaliwa chumba cha pili kutoka hapo alipoketi. Alijua boti ile gizani kwa nyayo. Akainuka, akaanza kukusanya sahani.

"Unaona," mama akasema. "Amekubali."

*

Siku iliyofuata Nahodha akapata dawa. Kulikuwa na mzigo wa saruji wa kupelekwa ng'ambo, akaamuru mifuko yote ipangwe kulia, na isishushwe mpaka Ijumaa ipite. Mwenye saruji akapiga kelele, akaambiwa saruji haiozi. Hivyo watu wakaielemea boti kushoto, saruji ikaielemea kulia, na boti ikaenda wima kama mwanajeshi. Nahodha akarudiwa na rangi yake usoni.

Lakini upande wa kushoto ukageuka soko. Watu waliwahi gatini alfajiri kugombea nafasi. Daktari mmoja kijana alimpakata mhudumu wa maabara ambaye walikuwa hawasalimiani. Muuguzi Mkuu, mwanamke wa umbo la kujitosheleza, alikaa pale penye tundu, magoti yakiligusa sanduku, akawa anagawa mtandao kwa kusogeza miguu.

"Sista, sogeza goti kidogo, nimtumie mke wangu picha," abiria mmoja akamwomba.

"Picha ya nini? Si umetoka kwake sasa hivi?"

"Sogeza tu, mama, nakuomba."

"Umeniitaje? Mama yako? Goti haliendi popote."

Kimya alipita kati yao na sinia la vikombe, kimyakimya, akihesabu moyoni: kesho ni Ijumaa.

*

Ijumaa Bwana Ratiba alifika amevaa koti jipya na harufu ya sabuni. Nahodha mwenyewe alimpokea mkono na kumpeleka kwenye benchi la heshima, lenye mto na kitambaa safi, lililokuwa limefungwa sakafuni tangu boti ilipoundwa. Lilikuwa upande wa kulia, mbele ya saruji.

Gia alipoliona hilo akashika kichwa. "Baba! Unamweka kulia?"

"Nimweke wapi, mgeni wa heshima? Mapajani mwa Muuguzi?"

Walikuwa wameshachelewa. Bwana Ratiba alikuwa ameshakaa, ameegemeza simu kwenye chupa ya maji, amejitazama kwenye kioo chake, amenyoosha tai. Pale gatini wakubwa zake watatu walitokea vizuri, akawasalimu kwa Kiswahili cha ofisini. Kisha boti ikaondoka, Mama Tiketi akafunga sanduku, klaki, na wakubwa wakaganda, mmoja wao akiwa amefumba jicho moja.

"Haloo? Haloo, waheshimiwa?"

Hakuna kitu. Bwana Ratiba akainua simu juu, akaishusha, akaigeuza. Nahodha akamtazama kwa pembe ya jicho, jasho likimtiririka. Mama Tiketi, ambaye alikuwa na imani moja tu maishani, kwamba mtu aliyekula hakasiriki, akamsukuma Kimya na sinia. Kimya akampelekea chai na mkate, akatoroka.

"Mama," Bwana Ratiba akaita kwa ukali, "nahitaji stakabadhi. Ya nauli, na ya hii chai pia. Hospitali hailipi bila muhuri."

"Muhuri upo, mkubwa." Akavuta ufunguo kiunoni, akafungua sanduku.

"...ndiyo maana nasema bajeti ya usafiri ni kubwa mno," simu ikasema ghafla kwa sauti nzito. "Ratiba, unatusikia?"

"Nawasikia, mheshimiwa! Nawasikia sana!"

Mama Tiketi akagonga muhuri, akafunga sanduku. Mkubwa akaganda mdomo wazi.

"Haloo?"

"Na ya mkate, mkubwa, nikupe?" akauliza Mama Tiketi, akafungua tena.

"...huyu mtu anakuja na kuondoka kama homa," simu ikasema.

"Nipo, mheshimiwa, nipo hapa!"

Klaki. Simu ikanyamaza. Safari hii si Bwana Ratiba peke yake aliyeliona. Yule fundi viatu, asiye na simu, hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Akavua kofia usoni.

"Mama Tiketi," akasema, "hebu usifunge hilo."

"Kwa nini nisifunge?"

"Fungua. Haya. Sasa funga. Mnaona? Jamani, huyu mama ndiye swichi!"

Boti nzima ikageuka. Mama Tiketi akafungua, simu ya Bwana Ratiba ikasema, akafunga, ikanyamaza. Akafungua, watu wakapiga makofi, akafunga, wakaguna. Nahodha akaacha usukani kwa kitambo akaja kuangalia mwenyewe, akakumbuka kwamba hakuna aliyeshika usukani, akarudi mbio.

"Acha wazi, Mama!" Muuguzi Mkuu akapiga kelele.

"Sanduku langu liwe wazi, na ninyi wote mmejaa humu? Mmeniona mgonjwa?"

"Basi kitoeni nje hicho kifaa!"

"Kitaibiwa!" Nahodha akanguruma kutoka usukani.

"Baba," Gia akasema, spana tayari mkononi, "tuko katikati ya maji. Mwizi ataruka nacho aende wapi?"

Nahodha akatazama maji kushoto, akatazama maji kulia, akaashiria kwa kichwa kitolewe. Gia akapiga magoti, akafungua bolti, akakivuta kiboksi cheupe hadharani na kukisimamisha juu ya meza ya tiketi. Mtandao ukaenea boti nzima, kama mtu amefungua dirisha.

Na hapo watu wakafanya jambo ambalo kila mmoja mwenye akili angelifanya. Waliokuwa wamebanana kushoto kwa siku zote hizo, waliopakatana na waliosimama kwa mguu mmoja, wakainuka wote kwa pamoja wakaenda kulia, kunyoosha miguu.

Kulia kulikokuwa na saruji.

"Msihame!" Nahodha akapiga kelele. "Msihame wote, jamani, watu wa Mungu!"

Boti ikalala kulia kama mzee anayejigeuza kitandani. Vikombe vikateleza. Sufuria ya chai ikatoka jikoni peke yake, ikapita mlangoni kwa heshima zote, ikafika kwenye benchi la mto na kumwagikia viatu vya Bwana Ratiba. Muuguzi Mkuu akaja nyuma yake, hakuwahi kushika kitu, akamkalia. Simu ikaanguka kifudifudi, ikageuka, ikaendelea kutazama.

"Kushoto! Nusu warudi kushoto!" Gia akawa anawasukuma watu kama mbuzi. Wakarudi nusu, wakarudi zaidi, boti ikajigeuza, ikatikisika mara mbili, ikatulia wima. Hakuna aliyeumia. Chai ilikuwa vuguvugu, kwa sababu Kimya kwa hofu ya siku hiyo alikuwa amesahau kuwasha jiko tena tangu ilipochemka alfajiri.

Kutoka sakafuni kikasikika kicheko. Kilikuwa cha watu watatu. Bwana Ratiba akaokota simu, tai iko begani, koti linanukia majani ya chai.

"Waheshimiwa, naomba radhi, kulikuwa na... hitilafu ndogo..."

"Hitilafu gani?" mkubwa mwenye sauti nzito akasema akifuta machozi. "Tumeona kila kitu. Tumeona mpaka lebo ya kiatu cha sista. Ratiba, huo mtandao ni wa wapi? Hapa ofisini hatujawahi kupata picha safi namna hiyo!"

Bwana Ratiba akamtazama Nahodha. Nahodha akatazama mbele, mikono imeganda kwenye usukani.

"Ni wa boti yetu ya kawaida, mheshimiwa," Bwana Ratiba akasema, kwa taabu.

"Basi mnahangaikia vioo vya nini? Bakini hapo hapo. Ila hiyo mifuko ishusheni."

*

Mchana boti ilipofunga gati ng'ambo, mwenye saruji alipata mifuko yake, na Nahodha alikaa kwenye benchi la heshima kwa mara ya kwanza maishani mwake, viatu kavua, anatabasamu peke yake. Kiboksi cheupe kilikuwa juu ya meza, kimefungwa kwa mnyororo uliotosha kufungia ng'ombe. Hayo ndiyo yalikuwa masharti ya Mama Tiketi.

Simu ya mama ikalia. Ilikuwa shangazi, sura nzima, mpaka hereni zake na rafu za vitambaa nyuma yake.

"Wifi! Leo nakuona kama uko hapa dukani!"

"Wifi yangu, acha tu, tumeokoka!" Mama akamsimulia yote, kwa mikono, akaongeza na ambayo hayakutokea. Shangazi akacheka mpaka akakaa.

"Namshukuru Mungu. Lakini wifi, yule msichana wangu wa mlangoni nimeshamwondoa. Nilimtegemea Kimya. Boti imebaki, sawa, lakini chai si hata wewe unaweza kugawa? Nipe mwenyewe niongee naye. Aje Jumatatu."

"Hilo halina neno," mama akasema. "Kimya! Njoo, shangazi yako huyu."

Miaka yote shangazi alipopiga simu botini, sauti ilikatikatika, picha ikaganda, na Kimya akashika simu kimya mpaka upande wa pili ukachoka, mama akasema, "Hakusikii, wifi, mtandao mbaya." Kimya hakuwahi kukanusha. Ule ubaya wa mtandao ulikuwa umemfaa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Sasa akapokea simu kwa mikono yenye maji ya vyombo. Shangazi alikuwa hapo, wazi kabisa, akipepesa macho, akingoja. Hakuganda. Hakukatika.

"Kimya mwanangu, utakuja Jumatatu? Mbona husemi? Mimi nakusikia mpaka unavyopumua."

Nahodha akageuka. Gia akatoa kichwa kwenye chumba cha injini. Mama akafungua mdomo kumjibia, na Kimya akamwonyesha kiganja: ngoja.

"Siji, shangazi," akasema.

"Nani huyo? Wifi, ni nani huyo anayesema?"

"Ni mimi. Siji Jumatatu, wala siku nyingine." Sauti yake ilivuka meza, ikavuka sanduku, ikafika mpaka kwa baba yake kwenye benchi la mto. "Mimi nyumbani kwangu ni hapa botini. Hata ingeuzwa, ningekaa gatini niitazame. Sikutaka kuja dukani tangu siku ile mama aliposema nimekubali. Sikukubali, mama. Nilikuwa nimenyamaza tu."